Baridi Hulaza Vidudu, Haiviui

Baba mmoja na mkewe walitayarisha karamu ya harusi ya binti yao. Mama alinunua kuku kumi, na usiku wa kuamkia siku ya posho yeye na dada zake waliwapika katika sufuria mbili kubwa. Kazi ilikwisha saa nne ya usiku. Kwa kuogopa panya na nzi, waliziingiza sufuria zote mbili katika frigo zingali na moto, wakafunga mlango, wakaenda kulala. Usiku ule umeme ulikatika, ukarudi karibu na mapambazuko. Asubuhi mama alifungua frigo akasikia baridi kidogo. Alionja mchuzi kwa kidole, akaona ni mtamu, hauna harufu mbaya. Saa sita wageni walipofika, nyama ilipashwa moto kidogo, ikagawanywa. Jua lilikuwa halijazama bado watu walipoanza kushikwa na tumbo. Usiku hospitali ilipokea watoto watatu na bibi mmoja mzee, wanahara na kutapika, macho yao yameingia ndani.

Mama alisimama mlangoni pa chumba cha wagonjwa, bado amevaa kitenge cha harusi. Akauliza: “Lakini tuliweka katika frigo! Tulikosa wapi?”

Habari ya namna hii si ya nyumba moja tu. Mara ni kuku, mara ni samaki, mara ni wali uliobaki jana. Na swali la mama yule ni zuri. Watu wengi waliopata frigo wanaifikiri kuwa ni dawa: chakula kikiingia humo kimepona. Basi tumjibu pole pole.

Vidudu vya ugonjwa ni vidogo hata macho hayavioni. Viko mikononi mwetu na katika pua, viko katika udongo, katika matumbo ya kuku, na juu ya miguu ya nzi. Vinapenda kitu kile kile tunachopenda sisi, maana yake chakula, maji na joto. Katika chakula chenye joto la mchana wa kwetu, kidudu kimoja kinaweza kugawanyika kuwa viwili kwa muda wa dakika 20. Hesabu mwenyewe. Baada ya saa 1 ni vidudu 8. Baada ya saa 2 ni 64. Baada ya saa 7 vimepita milioni mbili, na vyote vilitoka kwa kimoja.

Joto la hatari ni kati ya digrii 5 na digrii 60. Chakula kikiwa juu ya 60, vidudu haviwezi kuzaana, na kikipikwa vizuri hata kupita digrii 70 kila mahali, vingi sana vinakufa. Kikiwa chini ya 5, vinasinzia. Haviondoki, wala havifi. Vinalala kama mtu anayelala, na joto likirudi vinaamka na kuendelea na kazi yao pale pale vilipoiacha. Mama yule aliviweka vidudu katika chumba cha kulala, lakini kitanda hakikuwa na baridi.

Kwa nini hakikuwa na baridi? Hapa ni lazima tujue namna frigo inavyofanya kazi. Frigo haiingizi baridi katika chakula, inatoa joto. Umekwisha kupigwa sindano? Muuguzi anapopaka alkoli juu ya ngozi yako, unasikia baridi. Alkoli ile haikutoka mahali pa baridi. Inakauka upesi, na inapokauka inachukua joto la ngozi na kwenda nalo. Ndani ya mabomba ya frigo mna kitu kinachofanya vile vile: kinageuka kuwa mvuke, kinachukua joto la chakula, kisha mashini inakikaza na kulitupa joto lile nje. Gusa nyuma ya frigo, utasikia moto wake. Ndiyo maana frigo isisukumwe kabisa mpaka ukutani, wala isiwekwe juani au karibu na mbabula.

(Zamani, mahali pasipo umeme, misioni nyingi zilikuwa na frigo ya petroli. Taa ndogo iliwaka chini yake na barafu ikatokea juu. Wazee waliiona kuwa ni ajabu, moto unazaa baridi! Lakini ni kazi ile ile ya kuchukua joto hapa na kulitupa pale.)

Sasa fikiri juu ya sufuria kubwa yenye kuku watano na mchuzi unaotoka motoni. Frigo ya nyumbani ni mashini ndogo. Joto la katikati ya sufuria ile haliwezi kutoka kwa saa moja, wala kwa saa tatu. Usiku kucha katikati kunabaki vuguvugu, na huko vidudu vinazaana kwa raha, hata kama mfuniko wa sufuria ni baridi ukiugusa. Tena sufuria mbili za moto zinapasha moto maziwa na nyama nyingine zilizokuwa humo. Umeme ungalikuwako usiku mzima, bado karamu ile ilikuwa katika hatari.

Basi tufanyeje? Watu wengine husema: acha sufuria mezani mpaka asubuhi, ipoe yenyewe. Hilo ni baya zaidi. Chakula kilichopikwa kisikae nje kupita saa 2, na siku za joto kali kisipite saa 1. Gawanya chakula katika bakuli ndogo zisizo na kina kirefu. Weka bakuli au sufuria ndani ya beseni la maji ya baridi na koroga mara kwa mara, ukibadilisha maji yanapopata moto. Mvuke ukikwisha kutoka, funika na uingize katika frigo. Si lazima kiwe baridi kabisa. Kazi hii ni ya nusu saa, na mama aliyechoka baada ya kupika kuku kumi hataipenda. Mpe binti au kijana wa nyumba aikoroge. Maharagi, sombe na nyama ya mchuzi vyote ni vivyo hivyo, kwa kuwa ni chakula kizito kinachoshika joto.

Wali una neno lake la pekee. Mchele una vidudu vya namna moja vyenye ganda gumu, na ganda lile halifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa nje usiku kucha, vinafunguka, vinazaana na kuacha sumu. Hata ukiupasha moto asubuhi, sumu inabaki. Vidudu vinavyotoka katika vidonda vya mikono na katika pua vinaacha sumu ya namna hiyo pia. Hapo tunaona kosa la pili la nyumba ya harusi. Walifikiri kwamba moto wa saa sita utaponya yaliyotokea usiku. Moto mkali unaua vidudu, ni kweli, na kila chakula kilichotoka katika frigo kipashwe moto mpaka kinatoa mvuke kila upande, mchuzi uchemke. Lakini moto hauwezi kila mara kuondoa sumu iliyokwisha kuachwa. Na wao walikipasha moto kidogo tu, ambao ni joto linaloviamsha vidudu.

Kosa la tatu ni kidole na ulimi. “Nilionja, ilikuwa tamu.” Wana wa Israeli walipoweka mana mpaka asubuhi, iliingia mabuu na kunuka, kila mtu akajua kwamba imeharibika. Kwetu mara nyingi si hivyo. Vidudu vinavyooza nyama na kuleta harufu ni vya namna moja, na vidudu vinavyoleta ugonjwa ni vya namna nyingine. Nyama inaweza kunukia vizuri na kukuua. Usiitumainie pua. Tumainia saa na joto.

Kwa habari ya joto, nunua kipimajoto kidogo cha frigo ukiweza. Kiweke ndani ya kikombe cha maji katikati ya frigo, usubiri usiku mmoja, kisha usome. Kiwe digrii 4 au 5, kisipite. Katika frigo nyingi kuna kifungo chenye namba, na namba kubwa maana yake ni baridi zaidi, si joto zaidi. Wengi wanakigeuza kinyume. Angalia na mpira wa mlango. Funga karatasi katikati ya mpira na frigo, uivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi yako inatoka hapo usiku na mchana, pamoja na franga zako za umeme.

Juu ya kupanga vyakula, neno moja linatosha kwa watu wengi: kibichi chini, kilichopikwa juu. Damu ya nyama na maji ya kuku hushuka, hayapandi. Kuku mbichi aliyewekwa juu ya sahani ya mboga zilizopikwa ataitonea, na mboga ile haitarudi motoni. Weka nyama na samaki mbichi katika kopo lenye kifuniko, pale chini. Nawa mikono kwa sabuni ukiisha kuzigusa, na usikatie nyanya kwa kisu kile kile usichokiosha.

Kuku mbichi, samaki mbichi na nyama ya kusaga visikae katika frigo kupita siku 2. Vipande vya nyama ya ngombe au mbuzi vinaweza kukaa siku 3 mpaka 5. Chakula kilichopikwa, siku 3 au 4, na wali ni vizuri zaidi kuula kesho yake. Hizi ni siku za frigo ambayo umeme wake haukatiki. Ukikatika kwenu kila siku, usihesabu hivyo.

Kuna kidudu kimoja kinachoitwa listeria ambacho hakisinzii sana katika frigo. Kinaendelea kukua pole pole hata katika baridi. Mtu mwenye nguvu anaweza asisikie neno, lakini mama mwenye mimba anaweza kupoteza mtoto kwa sababu yake. Mama mwenye mimba asinywe maziwa yasiyochemshwa, wala asile nyama iliyokaa siku nyingi katika frigo bila kuipasha moto sana.

Sasa kongelateri. Baridi yake ni digrii 18 chini ya sifuri. Hapo vidudu vinasimama kabisa, na nyama inaweza kukaa miezi. Lakini hata hapo haviui vyote. Samaki akiingia na vidudu vyake, atatoka navyo. Tunalisema hili hasa kwa ajili ya samaki wa barafu anayeuzwa sokoni, yule ambaye wengi wanamwita mpiodi. Alitoka baharini, akapita katika vyumba vya baridi, akafika sokoni na kuanza kuyeyuka juani tangu asubuhi. Mama anamnunua jioni kwa sababu bei imeshuka, anamweka katika kongelateri, samaki anakuwa mgumu tena kama jiwe, na kila mtu anamwona kuwa mpya. Ndani ya samaki wa namna hiyo joto linaweza kuleta sumu ambayo haiondoki kwa barafu wala kwa moto. Mtu akimla, muda si muda uso unakuwa mwekundu na wa moto, mwili unawasha, kichwa kinapiga. Nunua mpiodi asubuhi, angali mgumu, umfunge na umfikishe nyumbani upesi. Akiwa amekwisha kulegea na kupata joto, bei ndogo haifai kitu.

Kuyeyusha nako kuna njia yake. Wengi wanatoa nyama asubuhi na kuiacha mezani mpaka jioni. Nje inayeyuka mapema na kukaa katika joto saa nyingi, na ndani bado ni barafu. Ni vizuri kuitoa katika kongelateri jana yake na kuiacha ndani ya frigo, katika bakuli. Ukiwa na haraka, ifunge vizuri katika sashe isiyopitisha maji, uizamishe katika maji ya baridi, ubadilishe maji kila nusu saa, na uipike papo hapo.

Tunafika kwenye jambo linalotusumbua katika miji yetu karibu yote, maana ni umeme. Frigo iliyofungwa inaweza kushika baridi muda wa saa 4 hivi baada ya umeme kukatika. Kongelateri iliyojaa inashika baridi muda wa saa 48, na iliyo nusu muda wa saa 24, kama hakuna anayeifungua. Kila mara mtoto anapofungua mlango ili aone kama barafu bado iko, anapunguza saa zile. Umeme ukikatika, andika saa juu ya karatasi na uibandike mlangoni, ili kila mtu wa nyumba ajue. Na mahali patupu katika kongelateri, jaza chupa za maji. Zikiwa barafu, zitasaidia kushika baridi. Usizijaze mpaka juu, kwa kuwa maji yanapoganda yanapanuka na kuipasua chupa.

Na ukiwa safarini? Kabla ya kuondoka, gandisha kikombe cha maji, kisha weka kijiwe juu ya barafu, uache kikombe katika kongelateri. (Katika nchi nyingine wanaweka sarafu, lakini franga zetu ni za karatasi.) Ukirudi ukakuta kijiwe kingali juu, amani. Ukikuta kimezama chini, hata kama barafu ni ngumu namna gani, jua ya kwamba kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena ukiwa mbali.

Nyama ikiwa bado na barafu ndani yake, au ni baridi kama ya frigo, unaweza kuigandisha tena au kuipika. Ladha itapungua kidogo tu. Saa 4 za frigo zikikaribia na umeme haujarudi, usingoje. Washa mbabula, pika nyama na samaki wote sasa, waite jirani mle pamoja siku ile ile. Lakini chakula chenye kuharibika upesi, yaani nyama, samaki, maziwa, wali, maharagi yaliyopikwa, kikiisha kukaa na joto kupita saa 2, kitupwe. Usimpe jirani kitu ambacho wewe mwenyewe unaogopa kukila.

Tunajua kwamba neno hili ni zito. Nyama ya kongelateri pengine ni mshahara wa nusu mwezi, na kuitupa mbele ya watoto wenye njaa kunauma. Hatulisemi kwa urahisi. Kwa sababu hiyo tunawashauri watu wa mahali ambapo umeme haukai wasiweke mali yao yote katika barafu. Nunua nyama ya siku moja au mbili. Sambaza na ndagala waliokauka vizuri juani, samaki wa moshi, makayabo ya chumvi, hao hawangoji umeme. Watu wengine wanaona ni aibu kukausha samaki wakati wana kongelateri sebuleni, lakini aibu ile haina maana. Kidudu kinahitaji maji, na ukimnyima maji ni sawa na kumnyima joto.

Barafu nayo inywe kwa akili. Maji ya ziwa au ya mto yaliyogandishwa bila kuchemshwa ni yale yale yaliyokuwa. Vidudu vya kipindupindu na vya tifoidi vinaweza kubaki hai ndani ya barafu. Watu wa Goma waliokuwako mwaka 1994 wanakumbuka kipindupindu kinavyoweza kuua maelfu kwa siku chache, na kando ya maziwa ya Kivu na Tanganyika ugonjwa huo ungali unarudi. Chemsha maji kwanza, ndipo uyagandishe. Usimnunulie mtoto kitu cha barafu kama hujui maji yake yalitoka wapi.

Mtu akiisha kula chakula kibaya na kuhara, mpe kinywaji kabla ya yote. Chukua litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na mdomo wa kijiko, si mlima. Mnyweshe kidogo kidogo, hata kama anatapika. Kesho yake tengeneza mengine mapya. Mtoto wa maziwa aendelee kunyonya. Maziwa ya mama hayahitaji frigo yakiwa mahali pake. Lakini kama kuna damu katika choo, au homa kali, au mtoto hawezi kunywa, macho yameingia ndani, mkojo hautoki, mlete hospitali siku ile ile, usingoje asubuhi. Watoto watatu wa harusi ile walipona kwa sababu waliletwa usiku. Bibi mzee alikaa siku tisa.

Bado neno moja juu ya dawa. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetunza insulini nyumbani aiweke kati ya digrii 2 na 8, mbali na ukuta wenye barafu. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka tena, itupwe. Chanjo nyingi za watoto ni hivyo hivyo, nyingine zinaharibiwa na joto, nyingine na barafu, na macho hayawezi kuona kwamba zimeharibika. Basi ukifika kwenye hospitali au kituo cha afya na samaki wako, umeme wa mtaa umekatika, na unajua kwamba frigo ya chanjo inafanya kazi kwa jua, usimkasirikie muuguzi akikataa kukuwekea. Kila mara mlango ule unapofunguliwa joto linaingia. Amekataa samaki mmoja kwa ajili ya watoto wa kijiji kizima. Mwulize badala yake kama ana nafasi ya moto jikoni, umpike pale.